Maoni

Fomu ya chama ina safu sita:
jina, umri, kitongoji,
jicho la kulia, jicho la kushoto,
na mwisho kabisa, pembeni, upana wa kidole gumba,
Maoni.

Mimi ndiye mwenye kalamu.
Nimeketi kwenye dawati la darasa la pili,
magoti yanagonga mbao.
Mbokomu, Jumamosi, ukungu haujanyanyuka,
foleni imefika kwenye tangi la maji.

Hansaben kaja na gari la duka lake la vitambaa.
Dawa na pamba zimepangwa palipozoea kukaa majora,
chai ya tangawizi, maandazi ndoo mbili.
Hapendi hotuba. Anauliza tu:
"Nani hajanywa chai?"
Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na hotuba.
Ameirudisha mfukoni.

Kumi na wanne walipasuliwa jana mjini,
wamelala huko, wamepandishwa leo,
kila mmoja na jicho lake ndani ya bandeji
kama kitu cha kuazima.

Namba tisa. Ndeshukurwa Kileo.
Umri: alipata kipaimara mwaka wa Uhuru.
Nikahesabu kwa vidole, nikaandika sabini na tisa.
Kulia: halioni, limeshachelewa.
Kushoto: limefunguliwa saa nne na robo.

Daktari aliivua bandeji kama anayemenya yai.
Nasi tukangoja tulichozoea kungoja,
kigelegele, au chozi,
kijana wa picha kashapiga goti,
maana wafadhili hupenda uso unaolia.

Bibi akaitazama mikono yake.
Akaigeuza.
Akaigeuza tena.
"Hii ya nani?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Nilimsindikiza nyumbani pamoja na mkamwana wake, Aikande,
tukifuata mfereji, yeye mbele,
hataki kushikwa mkono.
Miaka minane Aikande ndiye aliyekuwa macho yake.
Kila asubuhi: mama, mibuni imechanua.
Mama, imezaa mwaka huu, matawi yanainama.
Na kila msimu kibakuli cha buni mbichi
kikawekwa mapajani pake, azipapase,
azihesabu kwa ncha za vidole.

Kwenye ua wa masale bibi akasimama.

Hapakuwa na mbuni.
Palikuwa na matuta ya nyanya, fito, kamba za katani,
na kisiki kimoja kilichoanikiwa kitambaa cha jikoni.
Mibuni iling'olewa mwaka ule
Elinami alipotakiwa ada ya kidato cha kwanza,
na bei ya kahawa haikutosha hata kununua kiatu cha mguu mmoja.

Sikujua niangalie wapi.
Nikaiangalia kalamu.
Aikande akachuma jani la sale,
akalifunga fundo, akapiga magoti kwenye tope,
akalinyoosha kwa mikono miwili.

Bibi hakulipokea upesi.
"Na zile buni?"
"Za kwa mama Kiwia. Nilikuwa nazirudisha."
"Kila msimu?"
"Kila msimu, mama."

Ng'ombe alikohoa bandani.
Bibi akalichukua jani,
akalisogeza karibu na jicho lake jipya,
akalisoma upande huu na upande ule,
akalichomeka kwenye kilemba chake.
Kisha akaingia kati ya matuta, akainama,
akafunua jani moja lililojikunja.

"Wewe mwenye kalamu. Una nafasi hapo?"
"Ndogo, bibi."
"Andika, nyanya hizi zina kiu."

Usiku, nyuma ya duka, kati ya majora,
Hansaben alijumlisha.
Waliofanyiwa upasuaji, kumi na wanne.
Waliopata kuona, kumi na watatu;
jicho la mzee Makundi lilikataa,
na hakuna safu ya kuandika jinsi alivyotushukuru.

Akafika namba tisa. Akavaa miwani.
Akasoma, akarudia.
"Hapa umekosea safu?"

Sijakosea.